Hamira ipi bora kwa saison? Swali baya, kitabu kizuri

Kitabu cha Phil Markowski, *Farmhouse Ales*, kilitoka mwaka 2004, na bado kinatajwa sana kila wapika bia wa nyumbani wakizungumzia saison. Mimi nilikinunua baada ya kuja Ubelgiji kusoma. Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikipenda tu. Mara ya pili nilikuwa nimetoka kufagia vipande vya chupa jikoni, nikakisoma kwa jicho lingine.

Tuanze na sifa. Saison ni bia ya mashambani ya Wallonia, hasa jimbo la Hainaut. Ilipikwa majira ya baridi, ikahifadhiwa, ikanywewa na vibarua wakati wa kazi za kiangazi. Sura ya historia, iliyoandikwa na Yvan De Baets, kwangu ndiyo moyo wa kitabu. Anaonyesha kwamba saison za zamani zilikuwa kavu, na ama chachu ama chungu kwelikweli, na kilichozichachua kilikuwa mchanganyiko wa hamira na bakteria, si aina moja safi kutoka kwenye pakiti.

Sasa basi, sisi wasomaji tunafanya nini? Tunafunga kitabu na kuuliza: hamira ipi ndiyo ya saison halisi? Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na kusema kweli nagombana na nafsi yangu kwanza.

Nilipika lita 10 za maji ya kimea, nikagawa kwenye madumu mawili, nikatia hamira A huku na hamira B kule. Hidromita ilisoma 1.048 kote (maji matupu ni 1.000, sukari ikiliwa, namba inashuka). Baada ya wiki mbili A ilikuwa 1.010, B 1.003. Nikaonja. Nikaandika kwenye daftari: "A nzito, tamutamu. B kavu, karafuu na pilipili manga. B imeshinda." Nikatia sukari ya kuleta povu, nikajaza chupa. Baada ya wiki tatu chupa moja ya A ikapasuka.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la kisayansi. Hamira nyingi za saison ni za kundi linaloitwa diastaticus. Zina jeni STA1, inayotengeneza kimeng'enya kinachokatakata dekstrini, yaani mabaki ya wanga ambayo hamira za kawaida haziyawezi. Ndiyo maana saison hukauka hivyo. Ila kuna jambo: kwa baadhi ya aina, kipande cha DNA kinachosaidia kuiwasha jeni hiyo hakipo. Jeni ipo, kazi inaenda polepole, wiki hata miezi. Tabia ya A inafanana na hiyo. Ilikuwa haijamaliza kula.

Piga hesabu. Kila namba moja ya mwisho inayoshuka, tuseme kutoka 1.010 hadi 1.009, hutoa karibu nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Zikishuka sita, ni lita tatu, juu ya mbili na nusu hivi za sukari niliyotia mwenyewe. Chupa ya kawaida haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Kwa hiyo lile daftari langu halikulinganisha hamira mbili. Lililinganisha bia iliyoiva na bia mbichi. "Nzito, tamutamu" haikuwa tabia ya A, ilikuwa tarehe.

Na hata ningesubiri, bado kulikuwa na matundu mawili. Kwanza, dumu moja kwa kila hamira. Madumu mawili yenye hamira ileile nayo yanaweza kutofautiana, kwa joto au kwa kiasi cha hamira kilichoingia. Bila dumu la pili la A, sijui tofauti ya kawaida ni kubwa kiasi gani. Pili, nilijua ninachoonja. Dawa yake ni rahisi: mpe mtu glasi tatu, mbili bia moja na ya tatu nyingine, aseme ipi ni ya pekee. Watu tisa wakibahatisha tu, utategemea watatu wapatie. Wakipatia sita au zaidi, hapo una jambo, maana bahati peke yake hufikia huko kama mara nne tu katika mia.

Je, kitabu kina lawama? Kidogo sana. Ni kitabu cha mpika bia, hakikuandikwa kuwa mwongozo wa majaribio, na kilitangulia kazi kubwa za jenomu, kama ile ya 2016 iliyosoma jenomu za hamira 157. Kisome kwa ajili ya historia, halafu weka kando swali la "ipi bora". Uliza "ipi, kwa joto gani, baada ya muda gani". De Baets mwenyewe ametuonyesha kwamba hamira ya saison haikuwa moja.

Na tafadhali: kabla ya kujaza chupa, pima mara kadhaa kwa wiki chache. Namba ikiendelea kushuka hata kidogo, subiri. Tumia chupa nene za shampeni. Mimi nilifagia vioo tu. Wewe unaweza kuwa umesimama karibu.