Tarehe Isiyofutika: Jinsi Hati Inavyopigwa Muhuri Kwenye Blokucheni

Karatasi ya uthamini wa ardhi ina tarehe, na mara nyingi ugomvi wote unaishia kwenye tarehe hiyo. Nchini Tanzania, Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya Mthamini Mkuu kuidhinisha taarifa. Ikichelewa, riba inaanza kuhesabika. Ikipita miaka miwili, uthamini ule umekufa na inabidi watu wa futi kamba warudi shambani upya. Kwa mkazi wa Bunda, mkoani Mara, hili si somo la darasani. Kata ya Nyatwali, kando ya Ghuba ya Speke, wakazi walitakiwa kupisha ushoroba wa wanyama kati ya Hifadhi ya Serengeti na Ziwa Victoria, na fidia ikawa gumzo la miaka.

Naanzia hapo kwa sababu blokucheni, yaani mnyororo wa mafungu ya kumbukumbu (bloku) unaotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, imeuzwa kwetu kwa jina kubwa mno. Tunaambiwa inatunza kumbukumbu milele: hati, vyeti, picha, kila kitu. Ukiifungua na kutazama inavyofanya kazi, unakuta kazi inayoiweza kwa bei nafuu na kwa uhakika ni moja: kuthibitisha kwamba faili fulani lilikuwepo kabla ya siku fulani. Ni kazi finyu. Lakini kwa mtu mwenye karatasi ya uthamini, ndiyo anayoihitaji.

Tuanze na kile ambacho wengi hudhani kinafanyika, yaani kuiweka hati yenyewe kwenye mnyororo. Chukua picha ya hati ya hakimiliki ya kimila iliyopigwa kwa simu, kilobaiti 500. Kwenye Ethereum, moja ya blokucheni kubwa, kuandika baiti 32 kwenye hifadhi ya kudumu kunagharimu takriban vipimo 20,000 vya gesi, ambayo ndiyo hesabu ya kazi kwenye mtandao huo. Picha yetu ina vipande 15,625 vya baiti 32. Zidisha: gesi milioni 312 na nusu. Kuanzia 2021 hadi mwanzoni mwa 2025, bloku moja nzima ya Ethereum ilikuwa na ukomo wa gesi milioni 30. Kwa hiyo picha ya hati moja, ya mtu mmoja, ingejaza bloku kumi na bado ikabaki. Kijiji chenye hati 1,000 kisahau.

Zipo njia za kukwepa gharama hiyo, na kila moja ina kasoro yake. Machi 13, 2024 Ethereum iliongeza nafasi ya bei rahisi ya kubebea data nyingi, lakini data hiyo hufutwa na mtandao baada ya siku 18 hivi, kwa makusudi. IPFS, mtandao wa kushirikiana mafaili, inakupa anwani isiyobadilika ya faili, ila kama hakuna kompyuta yoyote iliyokubali kulitunza, anwani inabaki na faili halipo. Arweave, iliyoanza 2018, inakutoza mara moja na kuweka fedha hizo kwenye mfuko wa kuwalipa watunzaji kwa miaka mingi ijayo, kwa dhana kwamba bei ya hifadhi itaendelea kushuka. Dhana inaweza kuwa sahihi. Mimi nisingeikabidhi masjala ya ardhi.

Njia iliyofanikiwa imepita kwingine kabisa, na ni ya zamani kuliko Bitcoin. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Stuart Haber na Scott Stornetta, walichapisha makala kuhusu namna ya kuipigia hati ya kompyuta muhuri wa tarehe bila kumwamini mpiga muhuri. Faili linapitishwa kwenye kokotoo la kihisabati linalotoa msimbo mfupi, ambao mafundi wetu wanauita heshi. Kwa kokotoo la SHA-256 linalotumika sana leo, heshi ina baiti 32, yaani herufi na tarakimu 64 ukiiandika. Badilisha nukta moja kwenye faili, heshi inabadilika yote. Na huwezi kuanza na heshi ukarudi kwenye faili. Kuanzia 1995 kampuni yao, Surety, ilikuwa ikichapisha heshi ya kumbukumbu zote za wiki kwenye gazeti la New York Times, miongoni mwa matangazo madogo. Nani angeweza kuzunguka maktaba zote za dunia akibadilisha nakala za gazeti la Jumapili?

Bitcoin ilipoanza, Januari 3, 2009, bloku yake ya kwanza ilibeba kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London la siku hiyo. Ni ujanja uleule uliogeuzwa. Heshi ikiwa ndani ya gazeti inathibitisha kwamba hati ilikuwepo kufikia siku ile. Gazeti likiwa ndani ya mnyororo linathibitisha kwamba mnyororo haukuanza kabla ya siku ile.

Mwaka 2016 mhandisi Peter Todd alitangaza OpenTimestamps, na hapa ndipo hesabu inapopendeza. Badala ya kila mtu kulipia muamala wake, seva za kalenda zinapokea heshi za watu wengi na kuzipanga kwa mti wa Merkle, muundo uliopewa jina la Ralph Merkle aliyeubuni mwishoni mwa miaka ya 1970. Heshi mbili zinaunganishwa na kukokotolewa kuwa moja, mbili nyingine vilevile, kisha matokeo yanaunganishwa tena, hadi inabaki heshi moja ya juu kabisa, mzizi. Mzizi huo pekee, baiti 32, ndio unaoingia kwenye muamala wa Bitcoin. Mwenye faili anarudishiwa faili dogo la uthibitisho lenye heshi za njiani, zile anazohitaji ili kupanda kutoka kwenye faili lake hadi kwenye mzizi.

Hati 1,000 zinahitaji ngazi kumi. Kila ngazi ni baiti 32, jumla baiti 320. Hati milioni moja zinahitaji ngazi ishirini tu, baiti 640. Ongeza hatua za kutoka kwenye kalenda hadi kwenye bloku, bado uthibitisho wote unaenea kwenye msimbo wa QR, ambao unaweza kubeba karibu baiti 3,000. Kwa hiyo unaweza kuchapishwa kwenye karatasi na kukaa kabatini pamoja na hati. Na kwa kuwa ada ya muamala hulipwa na wenye kalenda, mtumiaji hashiki sarafu yoyote ya kidijitali. Jambo hilo lina uzito katika nchi ambayo Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizo hazitambuliki kisheria.

Kuna mipaka ya usahihi. Saa inayoandikwa kwenye bloku ya Bitcoin inaweza kupotoka kwa saa moja au mbili, na kalenda nazo huchukua muda kabla ya kupeleka mzizi. Huwezi kuitumia kubishania dakika. Kwa miezi sita au miaka miwili ya sheria ya uthamini, inatosha na kubaki.

Kazi kubwa ya njia hii iliyoonekana hadharani ilifanyika Guatemala, 2023. Mahakama Kuu ya Uchaguzi ya nchi hiyo, ikishirikiana na kampuni ya Simple Proof, ilipiga picha fomu za matokeo ya vituo na kuzipigia muhuri kwa OpenTimestamps. Raundi ya kwanza ilikuwa Juni 25, ya pili Agosti 20. Mwishoni mwa Septemba maofisa wa ofisi ya mwendesha mashtaka waliingia kwenye jengo la mahakama hiyo na kuchukua masanduku ya fomu halisi. Tazama hali ilivyokuwa: karatasi ziko mikononi mwa upande unaotuhumu matokeo, lakini picha zake zilikwisha kusambaa na heshi zake zilikwisha kuzama kwenye mnyororo wiki kadhaa nyuma. Yeyote ambaye angekuja baadaye na fomu tofauti angelazimika kueleza kwa nini yake haina tarehe. Bernardo Arévalo, mshindi wa urais, aliapishwa Januari 2024. Sisemi ni heshi zilizomwapisha; kulikuwa na wananchi barabarani na shinikizo la mataifa. Ila hoja ya kwamba fomu zilibadilishwa baada ya kura ilikosa pa kukaa.

Ethiopia walichagua mnyororo mwingine. Aprili 2021 ilitangazwa kwamba Wizara ya Elimu ingetumia mnyororo wa Cardano kwa kumbukumbu za wanafunzi milioni 5 na walimu 750,000. Hata pale, mnyororo haukukusudiwa kubeba maksi zenyewe, bali vithibitisho vyake.

Sababu ya kutoziweka taarifa zenyewe kwenye mnyororo inafika hadi Musoma. Mara ni miongoni mwa mikoa iliyoingizwa kwenye mpango wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ambapo taarifa huandikwa kwenye ofisi za kata na vituo vya afya kisha kutumwa kwa simu. Jina la mtoto, la mama, tarehe, mahali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Mnyororo wa umma haufuti. Atakayeweka majina ya watoto humo ameivunja sheria siku ileile, na hakuna hakimu wa kumrudisha nyuma.

Hata heshi peke yake haikuokoi usipokuwa mwangalifu, na hapa nimeona miradi mingi ikiteleza. Namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ukiitia namba hiyo kwenye SHA-256 na kuitangaza, mtu anayejua tarehe yako ya kuzaliwa amebakiza tarakimu 12 za kukisia. Hizo ni trilioni moja. Inasikika kuwa nyingi, lakini kadi moja nzuri ya michoro inakokotoa mabilioni ya heshi kwa sekunde, na kazi inakwisha kwa dakika chache. Dawa yake ni chumvi, yaani kuongeza tarakimu nyingi za kubahatisha kwenye taarifa kabla ya kukokotoa na kuzitunza kwa siri. Ukiipoteza chumvi hiyo umepoteza uthibitisho.

Kwa Butiama ninaona matumizi mawili yanayofaa. La kwanza ni sauti ya Mwalimu Nyerere. Kila Oktoba vipande vya hotuba zake vinazagaa kwenye WhatsApp, vingine vimekatwa katikati ya sentensi, na sasa programu za kuigiza sauti zinazidi kuwa rahisi. Makumbusho ya Butiama au mtunzaji yeyote wa kanda za asili akizipigia muhuri leo, miaka ishirini ijayo ataweza kuonyesha kwamba rekodi hii ilikuwepo kufikia siku ya muhuri. Muhuri hautasema kwamba ni sauti ya Nyerere. Hilo ni la wenye kanda kulieleza. Faida yake inapungua kila mwaka unaochelewa, kwa kuwa ughushi unazidi kuwa mzuri.

La pili ni ardhi ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hati ya hakimiliki ya kimila kwa kawaida ina nakala kwa mwenyewe, kwenye masjala ya kijiji na wilayani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani na kuitaka mahakama ipime namna data ilivyotunzwa bila kuguswa. Mlango uko wazi bila kuhitaji sheria mpya.

Lakini kuna tundu ambalo wauzaji hawalitaji. Hakuna kinachonizuia kupigia muhuri karatasi mbili zinazopingana siku moja: moja inasema mpaka unapita kwenye mkuyu, nyingine inasema kwenye korongo. Miaka mitatu baadaye naitoa ile inayonifaa na kuificha nyingine, na zote mbili zina tarehe safi. Muhuri unathibitisha kuwepo, hauthibitishi upekee. Kwa hiyo unachopaswa kukipigia muhuri ni daftari zima la masjala, kurasa zote kwa mpangilio na idadi yake, chini ya mzizi mmoja.

Mzizi huo nao utangazwe mahali ambapo watu wanauona. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Mtendaji anaweza kusoma idadi ya hati zilizosajiliwa na herufi nane za mwanzo za mzizi, zikaandikwa kwenye muhtasari na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi. Herufi 64 zote ziende wilayani. Mafaili ya picha yatunzwe sehemu tatu, na yasitumwe kamwe kama picha za WhatsApp: programu ile inazibana, nukta zinabadilika, na heshi haitalingana tena na iliyoko kwenye mnyororo. Yatumwe kama nyaraka.