Mkono Usio na Nguzo

Huku kwetu Kasongo na Kabambare, mtu ajengaye nyumba ya matofali kando ya njia hupenda kumwambia fundi atokeze bamba la betoni juu ya mlango, lisilo na nguzo chini yake. Ataka wapitao waseme: Tazameni, laelea! Nasi twakubali kwamba lapendeza. Lakini kazi ya namna hii haihukumiwi kwa macho peke yake. Yafaa kuuliza pia yashikwa na nini.

Boriti iliyoshikwa upande mmoja tu, ncha ya pili ikiwa hewani, tuiite boriti ya mkono. Si jambo geni. Angalia paa la nyumba ya udongo: miti yake hupita ukuta ikatokeza nje kadiri ya hatua moja. Sehemu iliyobaki ndani imelemewa na uzito wa paa lote, ndiyo sababu ncha haianguki. Mkono huo una faida kubwa. Mvua za Maniema hudondoka mbali na ukuta, tofali bichi haliyeyuki, na mama huketi kivulini akichambua sombe.

Kwa hukumu yangu, huo ndio mkono bora tulio nao. Kwa hiyo nasikitika nionapo nyumba mpya ambayo paa lake limekatwa sawasawa na ukuta, ipate kufanana na picha za mjini, kisha bamba dogo likawekwa juu ya mlango, mithili ya kofia ya mtoto kichwani pa mzee. Mlango umekingwa, ukuta mzima umeachiwa mvua.

Tena bamba hilo lina hatari. Twaa kijiti kibichi cha mhogo, ukilaze juu ya mawe mawili, ukibonyeze katikati: hupasuka upande wa chini. Sasa kibane ncha moja chini ya jiwe, ubonyeze ncha ya pili: hupasuka juu. Betoni ni vivyo hivyo. Yavumilia kukandamizwa, haivumilii kuvutwa, na chuma ndicho kiishikacho mahali pa kuvutwa. Basi boriti iliyolala juu ya kuta mbili hutiwa vyuma vyake vikubwa upande wa chini, lakini boriti ya mkono hutiwa upande wa juu, navyo viingie ndani sana ya nyumba. Fundi akiviweka chini kwa mazoea, nani atajua? Betoni hufunika yote. Hata vikiwekwa vema, miguu ya wenye kumwaga betoni yaweza kuvikanyaga vikashuka. Na urefu usitudanganye: ukiongeza mkono mara mbili kwa unene ule ule, uzito wake wenyewe huuchosha mara nne pale penye ukuta.

Mabingwa nao wamepata taabu hiyo. Huko Pennsylvania, Marekani, Frank Lloyd Wright alichora mwaka 1935 nyumba iitwayo Fallingwater, baraza zake zikitokeza juu ya maporomoko ya maji. Vyuma alivyokusudia vilikuwa vichache mno. Wengine waliongeza vyuma bila idhini yake, naye akakasirika. Hata hivyo baraza ziliendelea kuinama, na mwaka 2002 ikabidi kuziimarisha kwa nyaya za chuma zilizokazwa sana. Nyumba hiyo husifiwa ulimwenguni kote. Mimi nalisifu jicho la Wright, na zaidi nawasifu wale walioongeza vyuma.

Daraja la Forth, huko Scotland, lililofunguliwa mwaka 1890, lanipendeza kuliko nyumba ile, maana halifichi kinacholishika. Mikono yake huvuka nafasi mbili za mita 521 kila moja. Mhandisi Benjamin Baker aliwaeleza watu kwa mfano: wanaume wawili wameketi vitini, mikono wameinyosha, fimbo zikiitegemeza, mikono yao ya nje imefungwa kwenye mizigo ya matofali, na katikati yao Mjapani Kaichi Watanabe ameketi juu ya ubao, haukugusa chini. Ondoa matofali, Watanabe huanguka. Walimu waweza kuufanya mfano huo pamoja na watoto, ila wachague mtoto mwepesi.

Basi wakristu wa kijiji wakitaka kivuli mlangoni pa kapela, kwanza warefushe paa. Wakitaka kutokeza mbali, watie nguzo mbili. Nguzo si aibu. Wakishikilia bamba lao, liwe fupi, na mzee mmoja wa kapela atazame vyuma kabla betoni haijamwagwa. Miti ya kutegemeza isiondolewe mpaka ukuta wa juu yake, ulio mzigo wake wa matofali, umekwisha kujengwa, na siku 28 zimepita. Hapo waanze kuiondoa kwenye ncha ya nje, wakirudi ukutani. Wakianza ukutani, bamba litalala kati ya ukuta na mti wa mwisho kama kijiti juu ya mawe mawili, nalo litavutwa upande wa chini, mahali pasipo chuma.