Ngoma Zilizomfunika Oryema

Mwanamuziki wa Uganda Geoffrey Oryema alikosea mwaka 1993, na aliyeisikiliza albamu yake Beat the Border bila upendeleo hatakosa kulikiri hilo, ijapokuwa sisi watu wa Masafu, ambao mpaka wa Uganda na Kenya pale Busia tunauvuka kwenda kununua sabuni na kurudi, tuliipenda kwa jina lake kabla hatujaisikia. Mtu aliyezaliwa Soroti, akafunzwa nanga, ile ala ya nyuzi, na babaye, kisha akavushwa hadi Kenya ndani ya buti ya gari mwaka 1977, baada ya babaye, waziri Erinayo Oryema, kuuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na Charles Oboth Ofumbi, jirani yetu wa Tororo, alikuwa na haki ya kuuimbia mpaka kuliko wengi. Sauti ilikuwa ingali nzito na safi, na tungo zilikuwa na adabu yake. Kosa ni ile seti ya ngoma iliyozifunika nyimbo zake.

Tulitazame hilo taratibu, kwani hapa ndipo wasifiaji hupita mbio. Lukeme ya Oryema, kama mjuavyo, ina ndimi za chuma zilizopangwa juu ya kisanduku, na vile vipete vya waya vilivyovishwa ndimi hizo hutoa mvumo unaobaki hewani baada ya noti yenyewe kukatika. Na kidole gumba cha mpigaji stadi huchelewa kidogo, kusudi, ili mvumo ule upate nafasi ya kusema. Ama ngoma iliyotiwa mkazo pigo la pili na la nne, haichelewi wala haimngojei mtu. Ukiongeza na besi ya umeme, inayokalia palepale panapokaa mwangwi wa kisanduku, basi mvumo hauna pa kwenda, na chombo kilichokuwa mwenye nyumba kinageuka mgeni anayekaribishwa baina ya beti mbili, kilie kidogo, kinyamaze. Nani aliyeona haja hiyo? Si nyimbo zenyewe, maana zilisimama bila mkongojo.

Dalili ipo katika Exile, albamu yake ya mwaka 1990. Msimamizi alikuwa Brian Eno, Mwingereza asiyepungukiwa na mitambo ya kila aina, naye akauzuia mkono wake, vinanda vyake akaviweka nyuma kabisa, nanga ikapumua. Aliyekuwa na mashine nyingi ndiye aliyejua kunyamaza, ilhali miaka mitatu baadaye pengo lile lilionekana aibu inayohitaji kuzibwa.

Marehemu George Mukabi, mpiga gitaa wa Kenya aliyeuawa mwaka 1963, naye hakuhitaji seti. Gitaa kavu la mtindo wa omutibo na chupa ya Fanta iliyogongwa kando yake vilimtosha, na mdundo wa chupa ile haukuwahi kulifunika hata dole moja la mpigaji. Nimelisema hili mara nyingi hata wahariri wamenichoka, lakini maadamu masikio yangali yanadhulumiwa, nitalisema tena. Na kosa lile lilirudiwa: kampuni ileile ya Real World iliyomrekodi Hukwe Zawose wa Tanzania kwa taadhima katika Chibite, mwaka 1996, ndiyo iliyotoa Assembly mwaka 2002, ambamo ilimba ya Wagogo, jamaa ya lukeme, ilitandikiwa mitambo ya Michael Brook. Na Zawose wa Chibite hana mfano.

Laiti kosa lingeishia kwa wakubwa. Vijana wetu wanaojitolea nyimbo zao wenyewe, wasio na kampuni ya kuwaamuru, huanza kwa kinubi kitamu cha adungu, na kabla ubeti wa kwanza haujakwisha kompyuta imeshaangusha ngoma zake, eti wimbo upate kuchezeka kwenye vipaza sauti vya matangani.

Kuna watakaoniambia kwamba Wazungu walitaka hivyo. Lakini televisheni ya Ufaransa, France 2, ilikuwa na kipindi cha usiku, Le Cercle de minuit, kilichoonyeshwa tangu 1992 hadi 1999, na wimbo wake wa kufungulia ulikuwa wa Oryema: Ye Ye Ye, uliotoka katika Exile, si katika Beat the Border.