Silabi Moja ya Katekista

Mjini Kitengela hukosi misa Jumapili. Lakini shika barabara ya Namanga, kisha uiache lami uelekee kwenye maboma, na mambo yanabadilika. Jimbo Katoliki la Ngong, lililopewa hadhi ya jimbo 1976, linabeba kaunti za Kajiado na Narok, na Kajiado pekee inapita kilomita za mraba 21,000. Padri mmoja ana vigango kadhaa. Jumapili ni moja. Hapo ndipo anaposimama katekista.

Wengi hudhani anaendesha misa iliyopunguzwa. Sivyo. Ibada ya Jumapili bila padri ina mpango wake, ulioandikwa na Roma 1988: utangulizi, Liturujia ya Neno, shukrani, Komunyo, kufunga. Sala ya Ekaristi haimo, na shukrani haitakiwi hata kufanana nayo, zaburi yatosha. Hostia zimekwisha kupata mageuzo katika misa ya padri, na altare ni meza tu ya kuziweka kabla ya kugawa. Kiti cha padri hakikaliwi. Mahubiri, padri anaweza kuyaandika akampa ayasome.

Kuyasoma nako kuna jasho lake. Karatasi ni ya Kiswahili, na kina yeyo (akina mama wa Kimaasai) walioketi mbele wanataka Kimaasai. Basi katekista anatafsiri papo hapo, kidole kikiulinda mstari asipotee. (Sijui kwa nini kazi hii haihesabiwi kuwa taaluma.)

Ila kipimo chenyewe ni baraka ya mwisho. Padri huwaelekezea watu mkono: Mungu “awabariki”. Katekista hujipiga ishara ya msalaba yeye mwenyewe: Mungu “atubariki”. *Wa* imekuwa *tu*, na kwa silabi hiyo amerudi benchini pamoja na wengine. “Bwana awe nanyi” pia haisemi. Akiteleza, watu wataitikia kwa mazoea na ibada itaendelea. Ndiyo maana wa kugutuka ni yeye.

Mei 2021 Papa Fransisko aliufanya ukatekista huduma rasmi, inayotolewa na askofu kwa ibada maalum. Cheo kimepanda, silabi haikubadilika. Na kama amepewa pia ruhusa ya kugawa Komunyo, ambayo walei wanaweza kupewa tangu 1973, siku yake haijaisha: watu wakitawanyika, anapanda boda kwenda kwa wagonjwa, akinyamaza njia nzima kwa heshima ya alichobeba.