Mkalimani na Neno "Hapana"

Katika mabaraza ya huku Usukumani nimewaona wakalimani wa namna mbili. Yuko anayefikisha maneno tu, na yuko anayefikisha pia kukataa kwa mzee, kwa uzito ule ule. Huyu wa pili ndiye mkalimani. Kwa kipimo hicho nimesoma kurasa za libvirt, ambazo mjukuu wangu, fundi wa kompyuta, aliniletea hapa Kharumwa zikiwa zimechapwa karatasini.

Libvirt ni maktaba ya programu iliyoanzishwa na Daniel Veillard mwaka 2005. Huziamuru kompyuta za kuigiza, yaani zile nyingi zinazoishi ndani ya mashine moja ya chuma. Imeandikwa kwa lugha ya C, ilhali vijana wengi huandika kwa Python. Katikati pana kiunganishi, na sehemu kubwa yake huzalishwa na programu nyingine. Zilizo ngumu huandikwa kwa mkono.

Katika C, amri ya kuwasha ikishindikana hurudisha -1. Aliyeiita asipoangalia, kazi huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kiunganishi cha Python hakikubali hilo: kikiona -1 hupiga kelele, na programu husimama mtu asipoishughulikia hitilafu. Hapo nakipa alama zote.

Lakini maelezo yake! Yamenakiliwa kutoka C karibu neno kwa neno. Chini ya create, amri ile ya kuwasha, msomaji wa Python haambiwi kosa litamfikia vipi; akifungua kurasa za C atasoma kwamba kosa hurudisha -1, na hiyo -1 haitamfikia kamwe. Mwanafunzi mtiifu ataandika sharti la kuitafuta, na siku diski ikikosekana programu yake itaanguka usiku, hali yeye aliamini amejikinga. Nimefundisha walimu miaka mingi: kitabu chenye pengo humwumiza aliyekisoma, mvivu hakimgusi.

"Babu, kila mzoefu anajua," akaniambia. Hoja hiyo siipokei. Wazoefu hawasomi maelezo, kama dalali wa dhahabu asivyosoma maandishi ya mzani wake.

Basi anayekagua kiunganishi asitosheke kuona mashine imewaka. Aitaje kompyuta isiyokuwepo, aiondoe diski, asome kinachorudi, kisha akilinganishe na maelezo. Atumie muda mrefu zaidi kwenye sehemu za mkono, maana kosa la programu zalishi hujirudia kila mahali na huonekana upesi. Na sentensi inayokosekana chini ya create iongezwe ndani ya programu zalishi yenyewe. Ikiongezwa kwenye kurasa zilizozalishwa, toleo lijalo litaifuta.