Lee Isaac Chung na filamu iliyozaliwa Kigali

Lee Isaac Chung, mwandishi na mwongozaji wa filamu wa Marekani, alizaliwa Denver mwaka 1978, mtoto wa wahamiaji kutoka Korea, akakulia shambani Arkansas. Katika Chuo Kikuu cha Yale alisomea biolojia, kisha akahamia kwenye sinema na kuisomea Utah. Filamu yake ndefu ya kwanza, Munyurangabo, aliipiga Rwanda.

Mke wake alikuwa akijitolea Kigali miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mwaka 2006 Chung aliandamana naye, akawafundisha vijana wa huko utengenezaji wa filamu. Wanafunzi hao ndio waliokuwa mafundi wake wakati wa kupiga picha, kazi iliyochukua siku 11 tu.

Hadi hapo dunia ilikuwa imeijua Rwanda kupitia filamu kama Hotel Rwanda ya mwaka 2004, iliyozungumza Kiingereza na kupigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini. Chung na mwandishi mwenzake, Samuel Gray Anderson, walishika njia nyingine. Waliandika muhtasari wa kurasa chache, wakawaachia waigizaji, ambao hawakuwa wa kazi hiyo, watafute wenyewe maneno kwa Kinyarwanda. Mwandishi anayekubali kutoandika kila neno anahitaji ujasiri, na zaidi ya hapo anahitaji sikio.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Ngabo, yatima, anaiba panga sokoni Kigali, anatoka na rafiki yake Sangwa kwenda kumuua aliyemuua baba yake. Njiani wanapita kwa wazazi wa Sangwa. Hapo safari ya kisasi inasimama: watu wanalima, wanakandika ukuta, wanakula. Chung haharakishi. Anajua kwamba chuki ya baba wa Sangwa, Mhutu asiyemtaka mgeni Mtutsi nyumbani mwake, itauma zaidi mtazamaji akishaizoea nyumba hiyo. Baadaye mshairi Edouard Bamporiki anaighani nchi yake akiitazama kamera, nayo inamsikiliza kwa dakika kadhaa bila kukatwa.

Mwaka 2007 filamu hiyo ilioneshwa Cannes katika kitengo cha Un Certain Regard, ikashinda tuzo kuu ya tamasha la AFI. Zikafuata Lucky Life (2010) na Abigail Harm (2012), ambazo hazikuvuma sana, kisha filamu ya hali halisi I Have Seen My Last Born (2015), iliyomrudisha Rwanda pamoja na Anderson.

Minari (2020) ndiyo iliyompa jina kubwa. Safari hii alisimulia utoto wake mwenyewe, na familia iliyomo inazungumza zaidi Kikorea, kama alivyowaacha Wanyarwanda wazungumze lugha yao. Iliteuliwa kuwania Oscar sita, zikiwamo za uongozaji na uandishi, na Youn Yuh-jung akashinda ya mwigizaji msaidizi wa kike.

Twisters (2024), filamu ya vimbunga yenye bajeti kubwa, aliipiga Oklahoma, katika ardhi ambako vimbunga hivyo huvuma kweli. Kuanzia siku 11 za Rwanda hadi studio za Hollywood, kanuni ya kazi yake ni moja: kuufuata mkasa nyumbani kwake, na kuwaacha wenyeji wauseme.