Dakika 38, Miaka 31

Jamani waandishi wenzangu, tumezidi kupenda mizinga! Kila kijana anayejaribu hadithi ya Sayyid Khalid bin Barghash anaanza tarehe 27 Agosti 1896: manowari za Waingereza zinalipiga jumba la Unguja, dakika kama 38 hivi, watu wapatao 500 wanakufa na kujeruhiwa, bendera inashuka, mwisho. Hata mimi niliandika hivyo hivyo nikajiona bingwa. Sasa najiuliza: ile ni hadithi, au ni ripoti ya mshindi?

Maana Khalid hakufa siku ile. Alikimbilia kwa konseli wa Wajerumani, wakamtorosha kwa meli hadi Dar es Salaam, akakaa huko karibu miaka 20. Mwaka 1916, vita ikiwa imepamba moto, Waingereza wakamtia mkononi. Wakamvusha bahari: Saint Helena, kisiwa kile kile alikofia Napoleon, na Shelisheli. Mwishowe wakamruhusu kuishi Mombasa, akafia huko mwaka 1927. Hesabu mwenyewe: dakika 38 za mizinga, miaka 31 ya ugenini. Riwaya iko wapi hapo?

Tumsome shangazi yake, Sayyida Salme. Alizaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka 1866, na kumbukumbu zake zikachapwa Ujerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Humo anasimulia alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ikamponza. Mwaka 1859 kaka yake Barghash, huyo huyo baba wa Khalid, alipotaka kumpindua Majid, Salme ndiye aliyewaandikia barua wala njama. Barghash akashindwa, Waingereza wakiwa upande wa Majid, akapelekwa Bombay. Umeona? Baba kavushwa bahari, na mwana kavushwa bahari. Mfupa ule mmoja unanieleza ukoo huu kuliko mizinga yote.

Kasoro yake siifichi: Salme anautetea utumwa, na watumwa wa majumba yao hawapewi nafasi ya kumjibu. Hao nao wanangoja mwandishi.

Lakini somo lake ni hili: kitu kidogo, mkononi mwa mtu mmoja. Basi tuandikie asubuhi moja ya Khalid kule Saint Helena. Unguja alisali akielekea kaskazini. Huku kibla kimehama. Nani alimwonyesha upande? Akiota kwa Kiswahili, anamsimulia nani?

Huku kwetu Bariadi hatuna bahari, ila ngoma tunazijua. Manju akikatisha wimbo pale ulipokolea, watu hawamwelewi kabisa. Nasi tumemkatisha Khalid kwenye ubeti wa kwanza. Mimi nimeshachana kurasa zangu za mizinga. Wewe je?